Filamu za Biblia hazijui kungoja

Mwaka 1992, mwezi wa saba, watu wakiwa wameshavuna, sinema ilikuja kijijini kwetu kwa Land Rover. Ni wilaya ya Mpwapwa, mkoa wa Dodoma, na umeme wakati huo ulikuwa habari ya mjini. Wainjilisti wawili vijana walifunga shuka jeupe kwenye milingoti ya goli la uwanja wa shule, wakaipeleka jenereta nyuma ya kanisa ili mngurumo wake usitusumbue, na giza lilipoingia watu walikuwa wamejaa kutoka golini hadi katikati ya uwanja.

Bibi yangu alikuja na kigoda chake. Alikuwa hajui kusoma. Ila Injili ya Luka alikuwa nayo kichwani, maana kwenye darasa la ubatizo, enzi za usichana wake, mwalimu wa dini aliwasomea fungu nao wakalirudia mpaka likakaa. Ukikosea neno mbele yake kwenye sala za jioni, alikurudisha. Kwa hiyo usiku ule, sisi watoto tukitazama, Bibi alikuwa anasikiliza. Yesu wa kwenye shuka alipofumbua kinywa, midomo ikienda kwa lugha nyingine na sauti ikitoka kwa Kiswahili, Bibi alikuwa ameshatangulia kwa kunong'ona. Maneno yalipoachana kidogo na yale aliyofundishwa, aliguna.

Nikamwuliza, "Bibi, ndiye huyo?"

"Huyo siye," akasema. "Ila maneno ni yake."

Filamu yenyewe mnaijua. Wengi tunaiita Filamu ya Yesu tu. Ilitoka mwaka 1979, ikiwa imepigwa Israeli, mtayarishaji akiwa John Heyman akishirikiana na Campus Crusade for Christ, shirika la Bill Bright. Aliyecheza nafasi ya Yesu ni Mwingereza, Brian Deacon. Walichukua injili moja tu, ya Luka, wakaifuata karibu hatua kwa hatua, na tangu hapo imetiwa sauti katika lugha zaidi ya 2,000. Sidhani kama kuna filamu nyingine iliyoonwa na watu wengi kiasi hicho wakiwa wamekaa juu ya nyasi.

Usiku ule tulifika msalabani. Kulikuwa na kilio, kilio cha kweli, cha akina mama wanaojua msiba ni nini. Mwili ukashushwa, ukafungwa sanda, ukaingizwa kaburini. Na hapo hapo mkanda ukakatika. Shuka likawa jeupe kwa mwanga wa taa ya mashine, kisha yule kijana akaizima taa ili aunganishe mkanda kwa tochi, tukabaki gizani. Vijana wa nyuma wakaanza kupiga miluzi. Wengine wakapiga makofi kwa mdundo, wakidai sinema yao.

Bibi akageuka kwenye kigoda, akapaza sauti kuliko nilivyowahi kumsikia: "Nyamazeni! Bwana yuko kaburini."

Wakanyamaza. Sijui tulikaa muda gani. Ilitosha jenereta kusikika, na mbwa wa mbali, na mtoto mchanga akinyonya karibu yangu. Ilitosha mimi, mtoto wa miaka tisa niliyejua kabisa kwamba siku ya tatu atafufuka, kuogopa kwamba safari hii pengine hatafufuka.

Nimetazama filamu nyingi za Biblia tangu hapo. Nafundisha shule ya Jumapili, nimekuwa na sababu ya kuzitafuta na kuzipima moja moja kwa maandiko. Na kila nikiulizwa kama filamu fulani ni ya kweli kwa Biblia, narudi kwenye uwanja ule. Luka anaipa Jumamosi ile sentensi moja: "Na siku ya sabato walistarehe kama ilivyoamriwa." Sentensi moja, lakini ipo. Watu walikaa na msiba wao siku nzima wasijue mwisho wake. Filamu karibu zote hutoka kaburini zikaangukia alfajiri ya Jumapili, jiwe limeshaviringishwa. Mimi Jumamosi nilipewa mara moja tu, na ni kwa sababu mkanda ulikatika.

Mabishano tuliyozoea kuhusu filamu hizi ni ya namna nyingine. Yesu mwenye macho ya buluu. Mamajusi watatu, wakati Mathayo hakutaja idadi, alitaja zawadi tatu. Mwenye nyumba ya wageni anayewafukuza Yusufu na Mariamu mlangoni, mtu ambaye hayumo kabisa katika Luka 2. Na hata ile "nyumba ya wageni" ni neno la Kigiriki ambalo Luka huyohuyo analitumia kwa chumba cha wageni alimokula Pasaka Bwana na wanafunzi wake. Maria Magdalena naye amefanywa kahaba na filamu moja baada ya nyingine, ingawa Luka anasema tu kwamba alitokwa na pepo saba. Hilo si kosa la watengeneza filamu peke yao. Papa Gregori Mkuu aliwaunganisha wanawake watatu, Magdalena, Mariamu wa Bethania na yule mwenye dhambi wa Luka 7, kuwa mmoja katika mahubiri yake ya mwaka 591, na jina la mama wa watu halijasafishika hadi leo. Linaniuma, na darasani kwangu nalisema kila mwaka. Lakini makosa ya aina hii yanarekebishika kwa kufungua kitabu. Mtoto anasoma, anaona halimo, yamekwisha.

Wala kuongeza si dhambi yenyewe. Biblia ni bahili wa maelezo. Haisemi Yesu alikuwa na sura gani, haisemi Petro alivaa nini, haisemi Sara alisema nini alipoamka akakuta mume na mtoto hawapo. Kamera haiwezi kuwa bahili namna hiyo, lazima ionyeshe uso, na uso huo lazima uwe wa mtu fulani. Hata mhubiri anaongeza. Mchungaji aliyetubatiza alikuwa na mahubiri ya yule kijana wa mikate mitano, na nusu ya mahubiri ilimhusu mama aliyeioka mikate ile asubuhi, mama ambaye Yohana hakumtaja. Hakuna aliyemshitaki kwa kumwongezea Yohana.

Kinachonisumbua mimi ni saa. Maandiko yana mwendo wake, na mwendo huo ni sehemu ya ujumbe. Pale yanapopita haraka yana sababu, na pale yanapongoja yana sababu pia. Filamu hugeuza: zinakaa pale Biblia ilipopita, zinakimbia pale Biblia iliposubiri.

Chukua Musa. Filamu kubwa ya Cecil B. DeMille ya mwaka 1956, The Ten Commandments, niliiona kwa mara ya kwanza Dar es Salaam, katika banda la video, na mtafsiri akiwa kwenye kipaza sauti. Wasiokuwahi kuyaona mabanda yale wajue kwamba mtafsiri alikuwa nusu ya filamu. Farao wetu aliongea Kiswahili cha Kariakoo na watu walicheka mpaka machozi. Ila tulipofika kwenye kichaka kinachowaka moto, mtafsiri yule alibadilika. Sauti ikashuka, na Kiswahili chake kikawa cha Biblia ya Union: "Vua viatu vyako miguuni mwako." Alikuwa amekitoa kanisani au kwa mama yake, sijui, lakini hakuongeza hata neno. Banda zima likatulia. Nakumbuka niliona wazi kwamba mtu yule, aliyekuwa akiongeza maneno tangu mwanzo, alijua mahali pa kuacha kuongeza.

DeMille mwenyewe hakuacha. Na sisemi ni filamu mbaya, maana bahari ile inavyopasuka bado inanisimamisha nywele, na ilipewa tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Lakini soma Kutoka 14. Bwana aliirudisha bahari nyuma kwa upepo wa nguvu wa mashariki, usiku kucha. Usiku kucha! Wamisri nyuma, maji mbele, wingu katikati ya majeshi mawili, na watoto wanalia, na upepo unavuma saa baada ya saa bila mtu kujua utafanya nini. Wokovu wa Israeli ulikuja polepole, gizani, kwa kitu kinachofanana na hali ya hewa ya kawaida. Kwenye filamu Musa ananyosha mkono na maji yanatii hapohapo.

Na Musa huyo ana umri gani? Kutoka 7 inasema alikuwa na miaka 80 aliposimama mbele ya Farao, na kaka yake Haruni 83. Wazee wawili, mmoja mzito wa ulimi, mwenzake akimsemea. Charlton Heston, Musa wa DeMille, ana sauti ya kutikisa ukuta. Katuni ya mwaka 1998, The Prince of Egypt, ambayo watoto wangu wa Jumapili wanaipenda kuliko zote na mimi naipenda pamoja nao, inamfanya Musa kuwa kijana, na inambadilisha hata aliyemwokota mtoni: Biblia inasema ni binti Farao, katuni inasema ni malkia, ili Musa na Ramses wakue kama ndugu. Kama hadithi ya ndugu wawili, inachoma moyo. Matokeo yake ni kwamba mwaka juzi niliuliza darasani Farao aliitwa nani, vidole vyote vikapanda juu. "Ramses!" Kitabu cha Kutoka hakikumtaja jina. Kinawataja wakunga wawili, Shifra na Pua, na mfalme kinamwacha bila jina. Hakuna mtoto hata mmoja aliyewajua wakunga.

Nilisema nitazungumzia saa, na kwa Musa saa ndiyo yote. Miaka 40 ya kuchunga mifugo ya mkwe huko Midiani inapita katika filamu kwa wimbo mmoja au kwa ndevu kurefuka. Mgogo anajua kuchunga ni nini. Ni siku zinazofanana. Mungu alimwacha mtu azeeke katika siku zinazofanana, halafu ndipo akamwita.

Nuhu wa Darren Aronofsky, filamu ya mwaka 2014, sitakaa nayo sana. Ilizuiwa Qatar, Bahrain na Falme za Kiarabu kwa kuwa inamwonyesha nabii, na kwetu watu wa kanisa waliikasirikia kwa ajili ya yale majitu ya mawe. Mimi majitu siyajali. Ninachotazama ni kilichofanywa na ule muda wa ndani ya safina. Ukihesabu tarehe za Mwanzo 7 na 8, walikaa humo mwaka mzima na siku kumi, na Nuhu hasemi neno hata moja. Neno lake la kwanza katika Biblia nzima linakuja baada ya gharika, na ni laana kwa Kanaani. Humo ndani kuna kitenzi kimoja kinachorudi: "Akangoja tena siku saba nyingine." Anatuma njiwa, anangoja. Anatuma tena, anangoja tena. Filamu haikuweza kuvumilia mwaka huo. Ikamficha adui ndani ya safina ili kuwe na mapigano, ikamfanya Nuhu atake kuwaua wajukuu wake wachanga. Yaani ilitafuta tukio lolote, hata la kutisha kiasi hicho, ilimradi wasikae tu.

Sasa upande wa pili. The Passion of the Christ ya Mel Gibson ilitoka mwaka 2004, na sisi tuliiona kwa VCD sebuleni kwa rafiki yangu Morogoro, watu kama ishirini, wengine wamesimama mlangoni. Nililia. Sitaki mtu afikiri naidharau. Jitihada ya kuwafanya watu waongee Kiaramu ilinigusa sana, hata kama askari wa Pilato wanaongea Kilatini mahali ambapo Kigiriki kingewafaa zaidi. Lakini nilipofika nyumbani nilifungua Yohana 19:1. "Basi ndipo Pilato alipomtwaa Yesu, akampiga mijeledi." Imekwisha. Katika filamu mijeledi ile inachukua karibu dakika kumi, ngozi ikinyofolewa, na mengi ya hayo hayakutoka kwa wainjilisti wanne. Yalitoka katika maono ya mtawa wa Kijerumani, Anne Catherine Emmerich, yaliyochapishwa mwaka 1833. Na kusulubiwa kwenyewe? Marko, kwa Kiswahili chetu, anakumaliza kwa neno moja: wakamsulibisha. Walifanya nini, kwa nani, lini, vyote ndani ya neno moja, kisha anageukia mavazi yaliyopigiwa kura.

Kwa nini waliandika hivyo? Nimefikiria sana jambo hili. Wasomaji wao wa kwanza walijua msalaba. Walikuwa wameiona miili njiani. Mtu aliyemwona ndugu yake akifa vibaya hahitaji kusimuliwa jeraha. Tukienda msibani, hatumwombi mfiwa atueleze damu ilivyotoka. Ukimya wa Marko ni heshima ya namna hiyo. Gibson alikuwa na mapenzi makubwa kwa Bwana, naliamini hilo, lakini alisema kwa sauti kubwa kile ambacho mashahidi walikisema kwa kuinamisha kichwa. Halafu ufufuo, ambao ndio uliowafanya waandike, ukapewa muda usiofika dakika mbili.

Iliyonishangaza kuliko zote niliiona nikiwa mtu mzima, mtandaoni, kwenye kompyuta ya kazini baada ya saa za kazi. Injili ya Mathayo ya Pier Paolo Pasolini, mwaka 1964. Mtaliano, Mkomunisti, mtu aliyesema wazi kwamba haamini. Yesu wake ni mwanafunzi wa Kihispania, Enrique Irazoqui, ambaye hakuwa mwigizaji. Yerusalemu yake ni Matera, mji wa mapango kusini mwa Italia. Mariamu wa msalabani ni mama mzazi wa Pasolini. Maneno yanayosemwa ni ya Mathayo, na pale Mathayo asipoandika neno, watu hawasemi.

Inaanza hivi: uso wa msichana. Uso wa mwanamume. Wanatazamana. Hakuna sauti. Kisha tunamwona msichana mzima na tunaona kwamba ana mimba. Mwanamume anageuka, anaondoka. Basi. Mathayo 1:18 na 19 yote imo humo, aibu, upendo, uamuzi wa kumwacha kwa siri, na hakuna aliyefumbua kinywa. Niliirudia mara tatu kabla sijaendelea.

Halafu, baadaye, muziki. Kati ya Bach na nyimbo za kiroho za Wamarekani weusi, ghafla ngoma na sauti za watoto: "Gloria" ya Missa Luba. Misa ile iliundwa Kamina, Katanga, na kwaya ya Kikongo chini ya padri wa Kibelgiji, Guido Haazen, mwishoni mwa miaka ya 1950. Ndugu zetu wa Katanga, sauti zao zimo ndani ya filamu ya Injili iliyo aminifu kuliko zote ninazozijua, na kijijini kwangu hakuna aliyewahi kuambiwa. Nilipozisikia nilisimama kutoka kwenye kiti.

Kuna nyingine ya Kiafrika ambayo natamani iletwe kwetu: La Genèse ya Cheick Oumar Sissoko wa Mali, mwaka 1999, kwa Kibambara, na mwanamuziki Salif Keita ndani yake akiwa Esau. Mpangilio wa matukio umebadilishwa, kisa cha Dina, binti Yakobo, kinakuja wakati baba yake ameshampoteza Yusufu, kinyume cha Mwanzo. Lakini Yakobo yule, Sotigui Kouyaté, amekaa hemani mwake na huzuni yake, amekataa kufarijiwa, na filamu inakubali kukaa naye. Mwanzo 37 ndivyo inavyosema, alikataa kufarijiwa. Wanawe wanazozana nje kwa damu, yeye amekaa.

Nawaza Ibrahimu pia. Siku tatu za kutembea na mtoto kuelekea Moria, na kinachosemwa ni kwamba "siku ya tatu Ibrahimu akainua macho yake, akapaona mahali pakali mbali". Siku mbili kabla ya hapo alikuwa ametazama wapi? Chini, nadhani. Ningependa kuona filamu itakayonipa siku mbili za mtu anayetazama chini.

Bibi alifariki mwaka 2009. Mwaka jana, Jumamosi Kuu, vijana wa kanisani waliomba tuonyeshe filamu ile ile ya 1979 baada ya ibada ya jioni, safari hii kwa projekta ndogo na spika za kwaya, ukutani badala ya kwenye shuka. Nilimwambia mchungaji nilichotaka kufanya, akafikiri kidogo, akakubali. Tulipofika kaburini nilisimamisha filamu, nikazima projekta na taa za kanisa.

Mtoto mmoja akauliza kama umeme umekatika. Nikasema hapana, Bwana yuko kaburini. Nilikuwa nimepanga dakika tano. Kulikuwa na kukohoa, viti vikasogezwa, simu moja ikaita na kuzimwa haraka, kisha kukawa kimya kweli. Dakika tano zilipotimia nikainuka kwenda kwenye mashine, na mama mmoja wa umri wa bibi yangu, aliyekaa benchi la mbele, akanishika mkono gizani.

"Bado, baba," akanong'ona. "Tuache kwanza."